Bajeti ya Chumba Chako

Sekela mwanangu,

Mambo ya soksi, dawa ya meno na namba za simu nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, iko mfuko wa mbele wa begi dogo. Hii si karatasi hiyo. Hii uisome ukiwa umekaa, na usimwonyeshe mtu kabla hujaimaliza.

Sasa hivi ni saa nane mchana. Uko Hatta na Mama Brenda na wanawe, mnapiga makasia kwenye bwawa, na amenitumia picha yako ukiwa na jaketi la kuelea, unacheka umefumba macho. Mtarudi jioni. Kesho asubuhi unapanda ndege kwenda kuishi Johannesburg kwa baba yako na mkewe Thandeka. Nina saa chache za kukuambia jambo ambalo nimeshindwa kukuambia mwaka mzima, na najua nikikusubiri urudi, nikauona uso wako, nitaanza kukuuliza kama umekula.

Asubuhi ulipokuwa unavaa viatu uliniuliza kwa mara ya sita kama barua ya ridhaa imetoka, ile ambayo mzazi anayebaki lazima aisaini na igongwe mhuri, ndipo mtoto asafiri peke yake. Nikakujibu, "Bado, mama, wanaishughulikia." Ukafunga kamba ya kiatu cha pili taratibu, ukasema bila kuniangalia, "Mama, kama hutaki niende, sema hutaki. Usiseme bado."

Mama Brenda akaita kutoka kwenye ngazi, "Yalla, nyinyi watoto, jua litatukuta njiani! Sekela, wewe ndiye mgeni wa heshima halafu ndiye unachelewa?" Ukatoka. Nikabaki nimeshika mfuko wa chapati ulizozisahau.

Barua ilitoka wiki mbili zilizopita. Nimeisaini, ina mhuri. Iko kwenye droo ya chini, chini ya vitabu vyangu vya sampuli za marumaru. Ninapoandika mstari huu bado iko humo.

Si mara ya kwanza nafanya hivi. Ndiyo maana nakuandikia.

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, baba yako alinitumia ujumbe. "Mama Sekela, wewe ndiye mtaalamu wa haya mambo. Thandeka anataka kugeuza gereji iwe chumba cha mtoto, na jiko lirekebishwe. Tupitie bajeti tusije tukaibiwa na mafundi." Zikafuata picha kumi na moja za kurasa za daftari.

Unaijua kazi yangu kwa jina tu, mkadiriaji majenzi, na marafiki zako huwa unawaambia mama anahesabu matofali. Ni kweli kiasi. Mtu anataka jiko jipya kwenye villa yake, mimi naambiwa niseme litagharimu kiasi gani kabla nyundo haijainuliwa. Nimefanya hivyo hapa Dubai miaka minane. Nimejifunza kwamba bajeti ya ukarabati ndiyo karatasi inayomvua mtu nguo kuliko karatasi zote. Nikiisoma najua nani ndani ya nyumba ile ana sauti, nani anaogopwa, nani hakuulizwa. Na pesa zikipungua, kile kinachokatwa kwanza kinaniambia nani anapendwa na nani hapendwi. Nimeona wanaume wakiondoa dirisha la chumba cha mfanyakazi ili wabaki na bomba la rangi ya dhahabu.

Kwa hiyo nililifungua lile daftari nikiwa na hamu mbaya. Nilitaka kumsoma mwanamke yule. Nilitaka awe bahili.

Ni daftari la shule, la mistari, limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Kila chumba kina ukurasa wake. Ukurasa wa kwanza haukuwa jiko, ingawa ndilo lililokuwa limeoza. Tangi la maji ya moto lilikuwa limevuja juu ya makabati kwa miaka, milango ikavimba, haifungi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina lako, limepigiwa mstari mara mbili. Paa la gereji liinuliwe, maana liko chini na mtoto atapata joto. Dari mpya. Pale kwenye mlango wa gari pajengwe ukuta, pawekwe dirisha pana, "auone mti wa pichi." Nondo za dirisha kwa ajili ya wezi, lakini zenye maua, zisifanane na za jela. Na chini kabisa: "Rafu ya vitabu, urefu wa kitanda. Ameomba."

Ameomba.

Hukuwahi kuniomba mimi rafu. Nililifikiria hilo neno mpaka nikasimama nikaja kuugusa ukuta wetu, huu wa jipsamu unaotutenga na sebule ya akina Mama Brenda, huu ambao ukipiga msumari unatokea kwao. Ulikuwa na akili ya kutoniomba. Na ulikuwa na mtu mwingine wa kumwomba. Hayo mawili yaliniuma sawasawa, na sikujua lipi ndilo wivu.

Pesa zilikuwa za stokveli, mchezo wa akina mama kama ule wa bibi yako Tukuyu. Wako kumi na wawili, kila mwaka mmoja anapokea fungu kubwa. Thandeka alikuwa amesubiri zamu yake kwa ajili ya jiko. Zamu ilipofika akaandika jina lako ukurasa wa kwanza. Alikuwa ametenga hata fungu la mwisho aliloliita "ya tusiyoyaona," kwa ajili ya yale yanayojitokeza ukuta ukibomolewa. Watu wenye digrii hulisahau fungu hilo. Mimi hulipigania kila wiki na bosi wangu. Na yeye, karani wa shule ya msingi, alikuwa ameliweka bila kuambiwa.

Nilimaliza kuipitia bajeti ile kwa siku mbili. Nikakaa nayo wiki sita.

Baba yako alikuwa akiuliza, "Vipi, umepitia?" Namjibu, "Bado nakagua bei." Akiuliza tena, "Bado, kuna vitu vya umeme sivielewi." Vya umeme nilivielewa vyote. Siku moja kazini Akinyi wa mapokezi, yule Mkenya anayekuletea stika, alikuta picha za daftari kwenye skrini yangu.

"Hii si ya kampuni," akasema. "Ni ya nani?"

Nikamweleza kwamba ni ya nyumba ya baba yako, Germiston, kando ya Johannesburg.

"Na umekaa nayo tangu lini?"

"Kuna bei nazihakiki."

Akanitazama juu ya miwani. "Dada, villa ya vyumba saba unamalizia siku tatu. Gereji ya watu wa Germiston imekushinda? Hiyo ni wivu, si ukaguzi. Tuma hiyo kitu, khalas."

Nikamwambia ashughulike na simu zake. Akacheka, akaenda. Kwa wiki nzima sikumsalimia vizuri, na yeye aliendelea kuniwekea chai mezani, jambo lililozidi kunikera.

Sasa nikueleze ubaya wenyewe. Kama ningechelewa tu, ningejisamehe. Kule Afrika Kusini mafundi wa ujenzi hufunga kazi katikati ya Desemba. Wote. Wanaondoka kwenda makwao, na hawarudi mpaka Januari imeshika kasi. Yule injinia wetu wa Cape Town kila mwaka anatutania kwamba kwao mwezi wa kumi na mbili ukivunjikiwa na bomba, ulizoee. Na ni miezi hiyohiyo ambayo Johannesburg mvua inanyesha, inakuja alasiri kwa radi na mawe. Mtu aliyezaliwa kule anayajua yote mawili, lakini fundi akimwambia "tutamaliza kabla ya kufunga," naye ana haraka ya kumwandalia mtoto wa mtu chumba, anaamini. Kazi ya mkadiriaji ni kuwa mtu asiyeamini.

Nilipotuma bajeti hatimaye, mwezi wa kumi na moja ulikuwa umeanza. Niliiandikia maelezo ishirini na mawili, yote mazuri. Nilimwambia asitoe malipo ya awali zaidi ya gharama ya vifaa vilivyokwisha kushushwa uani. Nilimwambia aisubiri halmashauri ipitishe ramani, ukuta wa gereji usije ukabomolewa na askari wa manispaa. Nilimwambia aangalie unyevu chini ya plasta kabla ya kupaka rangi. Baba yako akajibu, "Umefanya kazi kubwa, Mungu akubariki." Jambo la ishirini na tatu nililijua, nilikuwa nimeliandika, nikalifuta: *Msifungue paa kabla ya Januari.*

Nililifuta kwa kidole kimoja, Sekela. Sikusema moyoni, acha mvua iwanyeshee. Nilijiambia tu kwamba hawakuniuliza habari ya tarehe, waliniuliza bei. Ukikua utaona kwamba mtu akitenda uovu mara nyingi huwa ana sentensi kama hiyo karibu, safi, ya kisheria.

Paa lilifunguliwa wiki ya kwanza ya Desemba. Mafundi wakafunika kwa turubai, wakasema wakirudi Januari wataendelea. Mvua ikaja siku ya nne. Turubai likajaa maji katikati, likapasuka. Dari ilikuwa imeshapigwa nusu, ikaanguka. Mifuko ya saruji ikawa mawe.

Unakumbuka Thandeka alipotupigia simu ya video? Ulikuwa umelala kitandani kwako unasoma, ukaruka. Alikuwa amesimama chumbani kwako ndani ya maji, amevaa viatu vya mvua, ndoo nne nyuma yake, anacheka. "Sekela, njoo na nguo za kuogelea, tuna bwawa!" Kisha akaomba kuongea na mimi. Ananiita Sisi, yaani dada, kama wanavyoitana kule. "Sisi, nakushukuru kwa yale maelezo. Bila wewe ningekuwa nimemlipa fundi zote na sasa nisingekuwa na kitu." Nikamjibu, "Usijali." Nilikuwa nakata vitunguu. Nilikata vitunguu vingi siku ile.

Mwezi wa kwanza alituma picha ya daftari tena. Fungu la tusiyoyaona lilikuwa limekwisha. Ukurasa wa jiko ulikuwa umepigwa mstari mmoja wa mshazari, na pembeni ameandika "mwakani." Ukurasa wako haukuguswa. Hata nondo zenye maua alikuwa hajazibadilisha ziwe za kawaida, na nilikuwa nimemwandikia kwa mkono wangu ni kiasi gani angeokoa.

Pale ndipo nilipojua nimemsoma. Nikamchukia zaidi.

Chumba kikachelewa mpaka Aprili. Shule ya kule ilikuwa imefunguliwa Januari, nafasi yako akapewa mwingine. Nilikuambia mambo ya ujenzi ndivyo yalivyo. Ulilia mchana mzima. Nikakuchukua tukashuka hadi mtaa wa Al Rigga, nikakununulia aiskrimu ya pistachio, ile ya bei ambayo huwa nakukatalia, tukakaa dirishani. Machozi yako yalikuwa yanadondoka kwenye kikombe. Nikakufuta uso, nikakuambia Mungu ana mpango wake. Na ndani yangu, mwanangu, nilikuwa na furaha. Ningeweza kuificha hiyo hata katika barua hii, lakini nikiificha hiyo nitakuwa sijakuandikia kitu.

Nilikuibia mwaka. Na sikuutumia. Ningekuwa nimeuiba nikakaa nawe, nikakufundisha kupika, tukaenda Hatta sisi wawili, labda leo ningekuwa mwizi mwenye kitu mkononi. Nilifanya kazi Jumamosi zote. Nikirudi nakukuta kitandani umegeukia ukuta, unaongea na Thandeka kwa simu, unamweleza habari za mwalimu wa sayansi ambazo mimi sikuwahi kuzisikia. Nilikuzuia hapa, ukawa kule.

Kuna la zamani pia. Ulipozaliwa nilikuwa na miaka ishirini, mwaka wa pili chuoni. Baba yako akatangulia Afrika Kusini kutafuta kazi, mimi nilipomaliza nikaja huku, tukaahidiana kuungana baada ya miaka miwili. Tuliachana bila kugombana, kwa simu, kila mmoja amechoka kwake. Wewe ulibaki Tukuyu kwa bibi. Nilipokwenda huko likizo ulikuwa na miaka sita. Nilikuwa nimebeba begi zima la nguo zako, na karibu zote zilikuwa ndogo. Ulijificha nyuma ya kitenge cha bibi yako, ukamwita mama, ukamuuliza, "Mama, huyu dada ataondoka lini?"

Ulikuwa na haki. Lakini ndani ya miezi mitatu nilikuwa nimekukatia tiketi ya kuja Dubai. Bibi alikusuka nywele siku ile taratibu mno, kama mtu anayetaka mkono usifike mwisho. Hakunilaumu. Nilijiambia nakuchukua kwa upendo. Upendo ulikuwepo, sikatai, lakini sio uliokata tiketi ile.

Unaona sasa? Kila mtu aliyekupenda vizuri nilimwona amenichukulia kitu. Mimi niliyesoma, ninayejua kugawa gharama ya nyumba nzima hadi msumari, nilidhani moyo wako una vyumba vichache, na kila anayeingia inabidi mimi nisogee. Sina hakika kama nimeacha kufikiri hivyo. Nakuambia tu kwamba ni hesabu yangu, si yako. Usiichukue ukaondoka nayo.

Nilipomaliza kuandika habari za bibi hapo juu, niliweka kalamu chini nikampigia Thandeka. Nilitaka niseme kabla ujasiri haujapoa.

"Sisi! Ndege haijabadilika?"

"Haijabadilika. Nina jambo la kukuambia, kuhusu paa."

Nikamwambia lote, wiki sita na jambo la ishirini na tatu. Nilijizuia kulia, maana ningelia angelazimika kunibembeleza. Alikuwa jikoni, nilisikia mlango wa kabati ukigoma kufunga, akiusukuma, ukifunguka tena.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Mimi nakinga maji na ndoo, wewe unajua."

"Ndiyo."

"Na nikakupigia kukushukuru."

"Ndiyo."

Aliusukuma tena mlango wa kabati. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Jiko langu, Sisi." Sikusema nitalipa, ingawa nilikuwa na hesabu kamili kichwani hadi senti, kwa sababu niliona ningekuwa najinunulia usingizi.

"Leo sina neno la kukupa," akasema mwishoni. "Nikilipata nitakupigia, na halitakuwa tamu. Mtoto anatua saa ngapi?"

"Saa kumi na robo, kwa saa zenu."

"Tutakuwepo." Akakata.

Nilikaa na simu mkononi, na unajua nilichohisi? Wivu. Kwamba hata katika hasira, swali lake la kwanza lilikuwa saa unayotua.

Kwa hiyo usinitarajie niwe mwanamke mwingine kufikia kesho. Uwanjani nitakukumbatia kwa nguvu kupita kiasi na utaona aibu. Ukifika ukanitumia picha ya dirisha na mti wa pichi, huenda nikachelewa kujibu. Usidhani nimekasirika. Nitakuwa ninaitazama. Na siku ukimwita mama, usishushe sauti kwa sababu simu iko wazi. Nitasikia, na itaniuma. Mwite.

Usinitetee kwake pia. Akiwa na hasira na mimi, ana haki nayo. Wewe kula chakula chake, msaidie kuosha vyombo kwenye lile jiko bovu, na ujue kwa nini ni bovu.

Ukiingia chumbani, kabla ya kupanga vitabu, gonga ukuta ule wa kitandani kwa kifundo cha kidole. Ni tofali. Unashika msumari.

Nimefungua droo. Barua ya ridhaa sasa iko ndani ya pasipoti yako, kwenye ukurasa wa picha, na pasipoti iko juu ya mto wako, utaiona kabla ya kuniona mimi. Afisa wa uhamiaji akiisoma tarehe ya mhuri hataona chochote cha ajabu. Wewe isome. Hiyo ndiyo siku ambayo ungeweza kuambiwa ndiyo.

Mama yako,
niliyekuambia bado.